Mtungi wa Erot Kwenye Foleni

Feza alinipigia simu nikiwa jikoni kwangu Lodwar, napara samaki, akaniambia mama yake amelala na hakuamka. Hakulia. Mimi pia sikulia. Nilimaliza kumpara yule samaki, nikamtia chumvi, nikanawa mikono, kisha nikakaa kwenye kiti cha plastiki nikautazama ukuta mpaka mwanga wa mlangoni ukasogea hadi miguuni pangu. Mama Feza nilikaa naye mwaka mmoja tu, mwaka ule nilipokuwa msichana na ndugu yangu Erot alipopotea. Miaka iliyofuata tulikuwa watu wa simu na salamu. Lakini chochote nilicho nacho cha kuitwa imani nilikipata mwaka ule, jikoni kwake na kwenye foleni ya maji kule Kakuma. Hakifanani na moto, kama wanavyoimba kanisani kwetu. Kinafanana na mguu uliokaliwa hadi ukafa ganzi: huusikii, unadhani si wako, lakini ukiukanyagia chini unakubeba hadi mlangoni.

Erot alikuwa utingo wa lori lililopeleka unga na sabuni Sudan Kusini. Aliitwa Erot, yaani njia kwa Kiturkana, kwa sababu mama alimzaa njiani, na hakuna aliyeshangaa alipopenda barabara kuliko nyumba. Habari zake zililetwa na dereva. Alikuja mchana, wakati wa jua ambalo hata mbuzi hulikimbia, akakaa sebuleni kwetu chini ya kalenda, kofia juu ya goti. Mama alimpa chai. Nakumbuka alikoroga sukari muda mrefu, na mimi nikawa nasikiliza kijiko. Alisema wameshapita Nadapal, wako upande wa pili wa mpaka, risasi zikaanza kutoka vichakani. Yeye akaruka upande wake wa lori na Erot akaruka upande wake. Yeye akakimbia akalala ndani ya korongo. Wanajeshi walipofika walikuta lori, magurudumu yametobolewa, unga umemwagika barabarani. Erot hawakumkuta. Hawakukuta damu, wala kiatu.

"Kwa hiyo amekufa ama hajakufa?" mama aliuliza.

"Mama, mimi niliona mgongo yake tu," dereva akasema. "Alikuwa anakimbia vizuri."

Alikunywa chai yote. Alipoondoka mama alikiosha kile kikombe, akakirudisha kabatini kikitazama chini, na ndani yangu kitu fulani kikajizima kimyakimya, kama redio inayoishiwa betri.

Wiki zilizofuata nyumba yetu ilijaa watu. Akina mama wa kanisa walikuja na sukari na nyimbo. Walisema Mungu ana mpango wake, na nje, wakivaa viatu, nilisikia mmoja akimwambia mwenzake, "Huko hakuna mtu anarudi, wacha tu tuseme ukweli." Mhubiri mgeni aliyekuwa akizunguka Lodwar na kipaza sauti aliwekea mama mikono kichwani, akasema amemwona Erot akiwa hai, mwezi hautaisha kabla hajaingia kwa mlango huu. Mama akachinja mbuzi mapema, ili mtoto asikute nyumba haina kitu. Mwezi ukaisha. Majirani wakaila ile nyama pamoja nasi, hakuna aliyelitaja jina la mtu, na ninachokumbuka ni kwamba nyama ilikuwa laini. Kisha baba mdogo akaja na neno lake. Alikuwa mtu wa mila, kanisani aliingia siku za harusi tu. Alitaka twende kwa mzee arushe viatu chini, avisome vilivyoanguka, tujue kama tunanyoa nywele za kilio au tunangoja.

"Kanisa yenu inaomba tu," alimwambia mama. "Viatu vinajibu."

Mama hakwenda kwa viatu. Lakini usiku huo hakusali pia. Nilimwona amepiga magoti kando ya kitanda, mdomo umefungwa, na nilijua kwa sababu mimi nilikuwa hivyohivyo. Nikipiga magoti, maneno yalikuwa kama gunia lililokwisha unga: unakung'uta, linatoka vumbi. Sikumkasirikia Mungu. Kumkasirikia kungekuwa kitu. Nililitaja jina lake na halikuwa na uzito wowote, kama kusema meza.

Nilikwenda Kakuma kwa sababu malori yote ya kaskazini husimama pale. Nilifikiri nikikaa mahali madereva wanapokula, nitasikia. Nikapata kazi ya vyombo katika hoteli moja ya mabati kando ya barabara, wakati huo barabara ilikuwa bado mashimo na mawe. Jikoni alikuwako mwanamke wa Kikongo kutoka kambi ya wakimbizi, mfupi, mwenye mikono minene, aliyepika sombe na maharagwe. Huyo ndiye Mama Feza. Feza, mtoto wake wa pekee, alikuwa bado wa shule. Madereva walipokuja niliwawekea sahani na kuwauliza: kijana mrefu, ana kovu kwenye nyusi, anacheka kwa sauti kubwa. Mmoja alisema amemwona Torit, ng'ambo ya mpaka, akiuza sigara. Mwingine alisema huyo wa Torit ni Mtoposa, mtu wa hukohuko, anamjua. Wengi walisema pole dada, chumvi iko wapi. Niliporudi jikoni Mama Feza alikuwa ananitazama juu ya mvuke wa sufuria, haniulizi kitu.

Siku moja aliuliza. Tulikuwa tunatwanga majani ya muhogo ya sombe, mimi na yeye, kinu katikati.

"Weye hauombake?"

"Siwezi."

"Hauwezi ama hautaki?"

"Nikifunga macho hakuna kitu, Mama. Giza tu."

Akatwanga kidogo. "Basi usifunge macho," akasema. "Kesho asubui leta bido. Ile ya kuteka maji. Isikuwe na tundu."

Nilinunua mtungi wa njano sokoni, nikampelekea. Nyumba yake kambini ilikuwa ya matofali ya udongo, chumba kimoja kimegawanywa na pazia la maua, nyuma ya pazia kitanda, mbele ya pazia jiko, benchi, na mitungi mitatu imepangwa ukutani. Mmoja umeandikwa FEZA, mmoja MAMA FEZA, mmoja BABA FEZA. Nilitafuta kwa macho viatu vya mwanaume, koti la mwanaume. Havikuwapo. Akachukua kopo la rangi nyekundu na kijiti, akaniuliza jina la ndugu yangu, akaliandika taratibu juu ya mtungi wangu mpya, ulimi umetoka kidogo pembeni ya mdomo kama mwanafunzi: EROT.

Asiyewahi kuishi Kakuma pengine hajui kwamba kule mtu hasimami foleni ya maji. Mtungi wake ndio unaosimama. Unaupeleka alfajiri, unauweka nyuma ya wa mwisho, unarudi kuwasha moto au kumnyonyesha mtoto, na mahali pako panabaki. Ndiyo maana mitungi ina majina, ya rangi au yaliyochomwa kwa msumari wa moto, Kifaransa, Kiarabu, Kisomali, yote imesimama kwa mstari bila wenyewe. Na kuna sheria ambayo sikuiona imeandikwa popote: foleni ikisonga, aliyepo anasukuma wake na wa jirani asiyekuwapo. Wanaweza kutukanana kwa ajili ya kuni, wanaweza kupigana kwa ajili ya mpaka wa ua, lakini mtungi wa mtu asiyekuwapo hautolewi. Unasukumwa mbele pamoja na mingine hadi kwenye bomba.

Asubuhi ile Mama Feza aliiweka mitungi yake chini na wangu nyuma yake. Kijana aliyelinda bomba, aliyekuwa na funguo shingoni na maneno mengi mdomoni, alimwona.

"Mama Feza, bwana yako anaoga mara ngapi kwa siku? Sisi tunaona bido tu, yeye hatumwoni."

Watu wakacheka. Mama Feza naye akacheka. "Ni mwanaume safi," akasema. "Weye oga kwanza, njo uulize."

Tulipokuwa tunarudi aliniambia. Mume wake alibaki milimani juu ya Uvira siku walipokimbia. Alirudi nyuma kumchukua mama yake mzee, na hawakumwona tena. "Mi niliombaka na mudomo miaka," alisema. "Naomba, nalia, naomba, nalia. Siku moja mudomo ikakauka. Nikamwambia Mungu, mi siko na neno tena, lakini huyu mutu sijamutoa. Njo nikaandika jina. Kila asubui naweka bido chini nasema, Bwana, huyu hapa. Kiisha naenda kupika chai."

"Na asiporudi?"

"Bomba si yangu, mwanangu. Mi niko na foleni tu."

"Na maji yake anakunywa nani?"

"Aah, maji haikosake mutu."

Maji ya Baba Feza yalikwenda kwa bibi mmoja wa Sudan, asiyeona, aliyeishi mwisho wa njia ile na hakuwa na wa kumtekea. Sasa yakawa ya Baba Feza siku moja na ya Erot siku ya pili. Hivyo ndivyo mwaka ule ulivyokwenda. Alfajiri niliuweka mtungi chini, nikasema maneno yale matatu, na sikusikia chochote. Nasema hivi wazi kwa sababu watu wanaposimulia mambo ya maombi hupenda kufika haraka mahali moyo ulipopata joto. Wangu haukupata. Jumatano Mama Feza na wenzake wa kanisa walifunga na kukutana katika chumba chao cha maombi, wanawake ishirini au zaidi kwenye mikeka, wote wakiomba kwa sauti pamoja hadi mabati yakatetemeka, na mimi nilikaa karibu na mlango nikihesabu misumari ya dari. Hakuna aliyeniambia nifungue mdomo. Mara mojamoja, katikati ya kelele ile, nilisikia jina la ndugu yangu likitamkwa na mtu nisiyemjua, kwa lafudhi ya Kikongo, Eroti, na nilifikiri: wamemsukuma.

Kisha mama akaja. Hakuniambia. Baba mdogo na wazee walikuwa wameamua kwamba mwaka unaisha, na mtu ambaye hajaliliwa huwarudia walio hai, basi nywele zinyolewe, shanga zivuliwe, mambo yafungwe. Mama alipanda gari la mizigo kutoka Lodwar ili aniambie mwenyewe. Alishuka asubuhi, akauliza njia ya upande wa Wakongo, wakamwelekeza apite kwenye bomba.

Nilipofika kuchukua maji foleni ilikuwa imefika katikati. Mama alikuwa amekaa mchangani kando ya mtungi, miguu ameinyoosha mbele, mkono mmoja juu ya mfuniko. Alikuwa ameufuta vumbi ule mtungi kwa ncha ya shuka yake, na shanga zake shingoni alikuwa amezipanga vizuri, kama anavyozipanga akitarajia mgeni. Aliponiona akatabasamu. Sijawahi kuona tabasamu kama lile tena, na sitaki.

"Ejok, Akiru," akanisalimu polepole, kama mtu asiyetaka kuamsha mtoto. Kisha kwa Kiturkana: "Ameenda wapi? Nimemuuliza huyu wa bomba. Anasema mwenye mtungi huwa haonekani asubuhi, anakuja baadaye. Nikasema basi, nitakaa nimngoje."

Mama alikuwa amejifunza kusoma kanisani, herufi kubwa. Alikuwa amepita mitungi yote ile ya Kakuma na kulikuta jina la mwanawe limesimama kwenye foleni kama mtu mzima, na akafanya kile ambacho mama yeyote angefanya. Mtungi ukiwapo, mwenyewe yuko karibu.

"Mama," nikasema, "ni mimi niliyeuweka."

"Wewe?"

"Ni wa kumwombea. Ni mimi na Mama Feza."

Akaugeukia mtungi. Akapitisha kidole juu ya ile rangi nyekundu, herufi moja moja, hadi mwisho. "Si mwandiko wake," akasema. "Nilikuwa nimeona." Mkono wake ulibaki pale. Yule kijana wa bomba, ambaye hakosi la kusema, aliinama akaanza kukaza kitu kwenye bomba ambacho hakikuwa kimelegea.

Foleni ikasonga. Mwanamke aliyekuwa nyuma yetu, Mburundi mwenye mtoto mgongoni, hakujua kitu. "Mama, songa kidogo," akasema. Na mama akainuka, akaukung'uta mchanga kwenye shuka, akausukuma mtungi wa Erot mbele. Aliusukuma hivyo hadi mwisho, hataki kusaidiwa. Ulipojaa akaubeba kichwani akaniuliza, "Tunapeleka wapi?"

Tuliupeleka kwa yule bibi asiyeona. Mama alimimina maji ndani ya chungu, na yule bibi akaushika mkono wake, akazipapasa bangili, akauliza jambo kwa Kiarabu cha Juba. Feza, aliyetufuata, akatafsiri: "Anauliza maji ya leo ni ya nani."

"Ni ya Erot," mama akasema.

Bibi akasema Bwana ambariki Erot. Alilisema hivi hivi, kama mtu anayeshukuru kwa maji. Tangu dereva yule aweke kofia juu ya goti, kila mtu alikuwa amemzungumzia ndugu yangu kama swali. Huyu alimzungumzia kama mtu. Mama alikaa chini mlangoni pake na hapo ndipo alipolia, mara ya kwanza, akiwa amefunika uso kwa mikono iliyolowa. Mimi nilisimama nimeshika mtungi mtupu.

Mchana tulikula kwa Mama Feza, ugali na sombe, samaki mkavu mmoja kwa watu wanne. Wale akina mama wawili hawakuwa na lugha moja ya kutosha, waliitumia ile waliyokuwa nayo kama watu wanaovuka mto juu ya mawe machache.

"Mimi nanyoa nywele," mama akasema. "Wazee nasema hivyo."

"Nyoa, mama. Nywele si zambi."

"Na hii mtungi?"

"Hii inabakia."

Mama alilifinyanga tonge muda mrefu bila kulila. "Mungu hapana kasirika? Huku mimi nalia yeye kama amekufa, huku naweka yeye kwa foleni kama iko?"

"Mungu anajua kama iko ama haiko," Mama Feza akasema. "Sisi njo hatujui. Kula, mama, sombe inapoa."

Mama akala. Alirudi Lodwar akanyoa, akavua shanga, akalia kilio chote kama desturi inavyotaka, na Jumapili alikwenda kanisani na kichwa chake kitupu, akapiga magoti, na jirani aliyekaa karibu naye aliniambia alisikia maneno mawili tu: huyu hapa. Aliishi hivyo, amenyoa na anangoja, hadi alipokufa yeye mwenyewe. Erot hakurudi. Ningependa kuandika vinginevyo. Kanisani kwetu, siku za ushuhuda, watu husimama mmoja mmoja kueleza walivyoomba na wakapewa, na mimi hupiga makofi pamoja na wengine, na wengi wao nawaamini. Wangu hauna mahali pa kupigiwa makofi. Niliomba kwa maneno matatu, bila kusikia kitu, na sijaacha. Nimekuja kufikiri kwamba kumtumaini Mungu si lazima kuonekane kwa mtu mwenyewe kama tumaini. Kwa ndani kunaweza kuwa kazi ya asubuhi tu.

Safari hii nilifika Kakuma kwa lami, mwendo ambao zamani ulikula siku sasa ni wa kusinzia kidogo. Tulimzika Mama Feza kwa nyimbo za kwao. Waliimba sana, na mlio wa ngoma niliusikia kwa miguu. Usiku Feza alinilaza kwenye kitanda cha mama yake nyuma ya pazia, pazia jipya, maua yaleyale. Asubuhi nilipofungua macho niliiona mitungi ukutani. Wa Erot haukuwa ule nilioununua. Ule ulipasuka, Feza alisema, na uliofuata ukapasuka, na kila mara mama yake alinunua mwingine akaandika tena. Herufi za huu wa sasa zilikuwa zimepinda, za mtu ambaye macho yamekwisha, T imeteremka karibu na kitako cha mtungi.

"Dada Akiru," Feza akasema. Sasa ni mwanamke wa makamo, ana sauti ya mama yake. "Mimi nahamia Kalobeyei, kwa watoto. Ya baba nitaenda nayo. Hii ya kaka yako, unasema tufanye nini? Mama hapana alisema. Ukitaka tuache, tutaacha. Hakuna mutu atakulaumu."

Nikauchukua mtungi, nikavaa viatu, nikatoka.

Bomba liko palepale, limejengewa kuta za saruji, na foleni ilikuwa ndefu kama zamani. Niliuweka nyuma ya wa mwisho. Kijana mmoja mwenye sare ya shule alikuwa amekaa juu ya mtungi wake akichezea simu. Akauinamia wangu, akasoma.

"Aunty, kwani wewe ndio familia ya Erot?" akasema. "Mimi tangu niko class one naona tu hii jina. Tunamsukumanga tu. Ni nani?"

"Ni ndugu yangu."

"Na ako?"

"Sijui," nikamwambia.

Aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepewa jibu la kutosha. Mbele maji yakaanza kulia ndani ya plastiki tupu. Foleni ikasonga. Yule kijana, bila kuyatoa macho kwenye simu, akausukuma mtungi wake kwa mguu mmoja na wa Erot kwa mguu wa pili, kwa mazoea, kabla sijainama.

"Bwana," nikasema, "huyu hapa."